Mtu wa Kupigiwa Simu

Tabea aliitazama chai yake mpaka ikapoa, hata Mwalimu Regina akaanza kukusanya vikombe.

"Kama ni mzigo, mama Yoramu, niambie tu. Sitakasirika."

Tabea alikuwa akiuza maziwa pale Mikumi. Yeye, mumewe Lekishon na mtoto wao Yoramu walikuwa wamepanga vyumba viwili kwa Mama Hildegarda, mlango wa pili kutoka kwa mwalimu. Kwa miaka sita alikuwa akimwachia mwalimu lita moja kila asubuhi, na hakuwahi kujua kwamba mwalimu ana kifafa. Kilimjia usingizini tu, ndiyo maana aliweza kukificha. Kila kilipomjia aliamka na kidonda ulimini, akaanika shuka, akaenda darasani.

Sasa daktari wa Morogoro alikuwa amempa bangili ya mpira ya kuvaa anapolala. Mkono ukianza kutikisika kwa kifafa na moyo ukaenda mbio, bangili ingeiarifu simu yake, nayo simu ingempigia mtu wa karibu. Huyo mtu ndiye ambaye mwalimu alikuwa akimtafuta.

Tabea alikuwa akimkumbuka mjomba wake. Alianguka kifafa karibu na moto, mkono ukaingia kwenye makaa, na watu wakautazama ukiungua kwa kuogopa kwamba povu lake linaambukiza. Tabea alikuwa na miaka tisa. Alikuwa mmoja wa waliosimama kutazama.

"Niandike mimi," akasema.

Regina akampa ufunguo wa akiba, akamwekea simuni mlio wa pekee wa bangili, na kumweleza: amlaze ubavu, asimtie kitu chochote mdomoni, atazame saa. Zikipita dakika tano, atafute gari la kumpeleka hospitali.

Katika wiki tatu za kwanza simu iliita mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa mwalimu anajikuna alipoumwa na mbu. Walicheka.

Jumamosi moja mchana Tabea alikuwa ng'ambo ya barabara kuu, akimpimia mama lishe maziwa, simu ikalia mlio ule. Akapiga kwa mwalimu. Ikaita mpaka ikakatika. Asubuhi ile mwalimu alikuwa amemwambia kwamba amekesha siku mbili akisahihisha mitihani, na kwamba akishakula atalala.

Tabea aliacha madumu yake palepale. Malori ya Iringa yalikuwa yakipita yamefuatana, moja, la pili, la tatu, naye amesimama ukingoni amekunja kitenge mkononi. Lilipopita la mwisho alikimbia.

Ufunguo haukuingia. Mwalimu alikuwa amefunga kwa ndani na kuacha wake kwenye kitasa. Ndani kitanda kilikuwa kikigonga ukuta. Tabea akazunguka dirishani, akachana wavu wa mbu, akapitisha mkono katikati ya nondo. Haukufika. Alichoona ni kisogo cha Regina. Uso wote ulikuwa umezama kwenye mto.

Wapangaji walikuwa wameshatoka vyumbani. Mama Hildegarda alisimama mbele yao, ameziba mdomo kwa khanga.

"Mama, naomba mtaimbo."

"Mlango wangu huo, Tabea."

"Naomba mtaimbo, mama."

Akaletewa. Kitasa kiling'oka kwa pigo la tatu.

"Usimguse akiwa na povu," mtu mmoja akasema nyuma yake.

Tabea alisikia. Miguu ilimwambia asimame. Akamshika mwalimu bega na nyonga, akamgeuza ubavu, akauvuta mto na kuutupa chini. Midomo ya Regina ilikuwa imegeuka rangi. Povu likamchuruzika Tabea kwenye kifundo cha mkono, vuguvugu, na hakuuondoa mkono. Akatazama simu: mlio ule ulikuja saa nane na dakika sita, na sasa ilikuwa saa nane na dakika kumi.

"Tafuteni gari," akasema bila kugeuka.

Hakuna aliyeondoka. Kisha akasikia ndala za Mama Hildegarda zikikimbilia barabarani.

Kabla gari halijafika mtikisiko ulipungua, ukawa wa vidole tu, halafu Regina akavuta pumzi ndefu yenye mkoromo. Tabea akakaa chini sakafuni.

Mwalimu alipopata fahamu alitazama mlango.

"Umeuvunja?"

"Nimeuvunja."

"Watu wameona?"

Tabea alitamani kumdanganya. "Wameona."

Regina akageukia ukutani.

Jumatatu hakwenda shuleni. Jumanne alikwenda. Wazazi wawili waliomba watoto wao wahamishwe darasa. Mwalimu mkuu akawakatalia. Jioni hiyo Mama Hildegarda aligonga kwa Tabea, naye akadhani ni habari za kitasa, au mwalimu anafukuzwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakutaka kukaa. "Ile simu ya mwalimu, inaweza kupigia watu wawili?"

Mwezi wa saba Tabea alikwenda Kilosa kwenye msiba wa kaka yake. Alfajiri, amelala kwenye mkeka katikati ya wafiwa, simu ikalia mlio ule. Mikumi ilikuwa mbali, na basi la kwanza lilikuwa bado. Alimpigia mwalimu, kimya. Alimpigia Mama Hildegarda, haikupokewa. Akatoka nje bila viatu, akapiga tena, na tena. Alihesabu dakika moja moja. Dakika ya sita simu ikaita yenyewe.

"Niko naye," sauti ya Mama Hildegarda ilisema ikihema. "Nimemlaza ubavu. Kimemwachia."

"Asante, mama," Tabea akasema. "Usikate simu. Iweke karibu yake nimsikie anavyopumua."