Msomaji wa Tanbihi

Msimamizi wa tasnifu husoma ukurasa kuanzia chini, kwenye tanbihi, kidole kikipapasa mistari kama cha mtu anayetafuta mwiba nyayoni. Sauti hapandishi kamwe. Fausta ameketi mbele yake chuoni Korogwe. Kidole kinapita et al., kinapita op. cit., kinasimama.

“Hii ibid. ni nani?”

“Ni huyohuyo wa tanbihi ya juu yake, mwalimu. Bibi yangu wa Kang'ata, alikuwa mkata mkonge.”

“Soma ya juu.”

Fausta anainamia ukurasa. Jana alichomeka tanbihi mpya katikati, na ya juu sasa ni ya meneja wa shamba.

Mzee anafunika kalamu taratibu.

“Kwa hiyo hapa anayelalamika kuchapwa viboko ni yule aliyekuwa akichapa.”