Jinsi Nilivyomfundisha Binti Yangu Kukaa

Watu wakisikia nililea mtoto asiyetembea kule Mashimoni, ndani ya Kibera, tena peke yangu, hunipa pole na kuniita shujaa. Siku hizi siwakatizi. Zamani nilikuwa nikiwajibu kwamba hawajui wanachosema, halafu kila mtu anaangalia kikombe chake mpaka chai inapoa.

Binti yangu alipatwa na degedege akiwa na mwaka mmoja na nusu. Homa ilipoondoka, iliondoka na miguu yake, na baba yake naye hakukawia kuifuata. Tukabaki wawili katika chumba cha mabati huko huko, nikifulia watu nguo ili tule. Siku za kazi nilimfungia ndani kwa kufuli, na kikombe cha uji na kopo la kukojolea. Majirani walisema nina roho mbaya. Hakuna hata mmoja aliyejitolea kukaa naye.

Alipofika miaka sita nikasikia habari za akina mama wa Kawangware. Kila Jumatano walikutana katika ukumbi wa kanisa, sehemu ya mtaa huo iitwayo Kongo, wote wenye watoto kama wangu. Kulikuwa na uji, na kulikuwa na mwanamke aliyesomea mazoezi ya viungo ambaye tulimwita Mwalimu. Kulikuwa pia na mabomba mawili ya maji ambayo fundi wa jua kali alikuwa ameyachomelea miguu, yakasimama sambamba kimo cha mtoto. Mtoto anawekwa katikati, anashika huku na huku, anajifunza kusimama. Nilimfunga binti yangu mgongoni kwa leso, tukavuka Ngong Road, tukaenda hivyo hivyo kwa miguu mpaka huko, na jioni tukarudi. Mtoto wa miaka sita si wa kubebwa. Miguu yake ilinigonga mapajani kila hatua.

Lakini Jumatano ilikuwa siku yangu. Pale hakuna aliyeniuliza nilimkosea nani huko kwetu Kitui mpaka nikarogewa mtoto. Tulicheka mambo ambayo huwezi kucheka na mama ambaye mtoto wake anatembea. Mmoja alikuwa akisema kwamba wetu ukimtuma dukani huna haja ya kuogopa gari, kwa sababu hatafika barabarani. Tulicheka mpaka machozi.

Baada ya karibu mwaka mzima, binti yangu alisimama. Kwanza alishika mabomba yote mawili, kisha moja, na Jumatano moja akayaachilia yote, akapiga hatua tatu na kumwangukia Mwalimu kifuani. Akina mama walipiga vigelegele. Nilifurahi, sitadanganya. Lakini hata katikati ya vigelegele nilikuwa nafikiria mgongo wangu. Hatua tatu hazitoki hata mlangoni. Mama mmoja niliyemfulia alikuwa ameshaniambia kwamba akiniona tena nimeshika kiuno mbele ya karai atatafuta mwingine.

Ndipo Mwalimu akatuletea habari.

"Kuna wageni wanakuja na viti vya magurudumu," alisema. "Lakini si vya kila mtu. Ni vya watoto wenye hawawezi kusimama kabisa. Watawaangalia mmoja mmoja." Akanigeukia akitabasamu. "Wewe mama hauna shida. Wako amekwisha inuka."

Nilitabasamu pia. Nilikuwa nimekwisha kuamua.

Jumatano tatu zilizofuata sikuenda. Nilipeleka ujumbe kwamba mtoto ana homa. Nyumbani nilimketisha kwenye stuli, nikaweka andazi kwenye ukingo wa dirisha, juu, mahali ambapo lazima mtu asimame ndiyo alifikie.

"Ukisimama, hupati," nilimwambia. "Ukikaa, nakupea."

Siku ya kwanza alisimama. Alifikiri namtania. Alilifikia lile andazi akanigeukia anacheka, na mimi nikamchapa mwiko kwenye miguu, miguu ile ile niliyokuwa nimeisugua mafuta kila jioni kwa mwaka mzima. Hakulia mara moja. Alinitazama kwanza, kana kwamba nimekosea mtu.

Siku ya pili alijaribu kukaa, lakini magoti yalikuwa yamekwisha kujua kazi yao, yakataka kunyooka yenyewe. Nikamchapa tena. Siku ya tatu akagundua njia. Alishika magoti kwa mikono miwili, akayakandamiza chini.

"Hivi?" aliuliza.

"Hivyo hivyo," nikamwambia, na nikampa andazi zima.

Siku ya wageni ilipofika, ukumbi ulijaa. Mgeni mmoja, mwanamume mrefu mwenye sauti ya upole, alikuwa na kijana wa kumtafsiria. Walipofika kwetu Mwalimu alisema, "Huyu anasimama. Hata anatembea kidogo." Akachuchumaa mbele ya binti yangu akamnyoshea mikono. "Kuja, mama. Kama ile siku. Hatua tatu tu."

Binti yangu aliniangalia mimi. Kisha akashika magoti yake.

Mwalimu alimbembeleza. Alimwita mama, alimwita malkia, akamtolea biskuti mfukoni. Mtoto alikaza vidole mpaka kucha zikawa nyeupe. Mgeni akamgusa Mwalimu begani, akasema jambo, na yule kijana akatafsiri kwamba walimu wazuri huwapenda watoto mpaka wanaona yasiyokuwepo. Watu wakacheka kidogo. Mwalimu aliinuka, akaniangalia machoni, na nikajua amejua. Angesema, leo ningemshukuru.

Tulipewa kiti. Viti viliisha kabla ya foleni kuisha, na mama aliyekuwa nyuma yangu, ambaye wake hakuweza hata kuinua shingo, alimfunga tena mgongoni. Alinishika mkono akanipongeza.

Jumatano iliyofuata nilimsukuma binti yangu mpaka Kongo, naona fahari, na Mwalimu akatuzuia mlangoni. Aliyepata kiti amesaidiwa, alisema. Nafasi yake kwenye mabomba inaenda kwa mwingine.

"Si sheria yangu," alisema. "Ni ya kikundi. Hata wewe uliinua mkono tulipoipitisha."

Ni kweli, niliinua. Wakati huo nilidhani sheria hiyo ingemwondoa mwenye bahati fulani, si mimi.

Na kile kiti hakikuingia Mashimoni. Kilikuwa kipana kuliko kichochoro chetu, na katikati ya kichochoro kulikuwa na mtaro. Nilikiacha barabarani kwa mwuza maji, na mtoto nikaendelea kumbeba. Nyumbani naye aliendelea kukaa kama nilivyomfundisha, miezi yote hiyo. Mwuza maji alianza kukitumia kubebea mitungi. Sikumkataza, maana ndiye alikuwa mlinzi wake. Kabla ya mvua za mwisho wa mwaka gurudumu moja lilikuwa limepinda.

Siku ile gurudumu lilipokatika kabisa niliingia nyumbani nimejaa hasira, nikamketisha binti yangu kwenye stuli. Sikuweka andazi.

"Simama," nilimwambia.

Alitazama mlangoni kwanza. "Wageni wameenda?"

"Hakuna wageni. Simama, mama. Nimekuruhusu."

Aliachilia magoti. Alijaribu. Nililiona paja likitetemeka, niliona shingo ikijikaza, na magoti yakabaki palepale yalipokunjwa. Alijaribu tena na tena, kwa sababu alidhani ni kosa lake, mpaka mimi ndiye niliyelia nikamwambia basi.

Sasa ni mtu mzima. Anashona masweta, anajitegemea kwa mengi, na kiti chake cha sasa kinapita mlangoni. Hajawahi kuniuliza kuhusu mwiko. Lakini akisikia mgeni anapiga hodi, kabla sijafungua, hushika magoti yake kwa mikono miwili na kuyakandamiza chini.