Diski ya Hospitali

Fundi wa kompyuta wa hospitali yetu hapa Kilwa Masoko hakuwa mtu wa kubahatisha. Mafaili ya wagonjwa yalipoanza kuchukua dakika nzima kuhifadhiwa, alihifadhi faili moja kwenye kompyuta yangu, kisha kwenye seva, kompyuta kuu inayotunza mafaili yote, akihesabu sekunde kwa kidole juu ya meza. Akabadili waya wa mtandao, akahesabu tena. Mwisho akatega sikio kwenye seva, akasikia diski ikigonga.

“Inakufa, na nakala ya akiba hatuna,” aliniambia taratibu. “Dada Kijakazi, nisomee majina ya wanaotumia dawa kila siku, niandike kwenye karatasi kabla haijazima.”

“Wapo mia tatu!”

“Anza tu.”

Aliandika kwa herufi kubwa. Baada ya jina la arobaini na moja, mafaili yakagoma kufunguka. Hakuinua uso.

“La arobaini na mbili,” aliniuliza, “unalikumbuka?”