Seramiki Kabla ya Maji ya Baraka

Gari lilipofika Mpanda sikulishika. Nililizunguka. Dereva aliyelileta kutoka bandarini alinikabidhi funguo, akaomba maji ya kunywa, na muda wote alipokuwa akinywa mimi nilikuwa natazama bilauri, nikiomba yasimwagikie boneti. Lilikuwa jeusi. Kaka yangu, aliyelinunua akiwa Dar, alichagua jeusi kwa sababu lina heshima. Hakufikiria kwamba jeusi linaonyesha kila kitu: vumbi, alama za vidole, kucha za kuku.

Tunasema jipya, ingawa lilishatembea Japani. Kwetu lilikuwa jipya kuliko chochote tulichowahi kumiliki. Kaka alilinunua kwa ajili ya mama, anayeishi Kasokola, na ambaye kila mwezi huja hospitali mjini kwa sababu ya presha. Alikuwa akija kwa pikipiki, amekaa upande, kanga ameibana kwa magoti. Safari moja waliteleza kwenye matope wakaanguka. Hakuvunjika, lakini tangu siku ile hukaa kitini ameegemea upande mmoja. Nyumbani kwetu mwenye leseni ni mimi tu. Niliipata nikiwa chuoni kwa kuwa wenzangu walikuwa wanaitafuta, na sikuwahi kuendesha chombo chenye mtu ninayempenda ndani yake.

Kaka alikuwa na sharti moja. "Kabla halijagusa barabara ya huko, lipakwe seramiki. Changarawe za kwenu zitalila hilo."

Za kwenu, kana kwamba yeye alizaliwa ufukweni. Nikamjibu sawa, kisha nikafanya ninachofanya siku zote. Nikaanza kusoma.

Seramiki ni dawa ya majimaji inayokuja katika kichupa kidogo kama cha marashi. Fundi huipaka juu ya rangi, huifuta, na ikishakauka inakuwa ngozi nyembamba, ngumu, inayong'aa kama kioo. Vumbi halishiki sana, na gari likioshwa linatakata upesi. Hayo nilisoma. Nikasoma pia habari za waliojuta, ambao magari yao yalibaki na madoa yasiyotoka mpaka yakwanguliwe. Kila nilipompata mmoja aliyefurahi, nilimtafuta mwingine aliyelia. Nilikuwa nasoma kazini, simu nimeificha chini ya meza. Na wote, wenye furaha na wenye kilio, walikubaliana jambo moja: ikishapakwa, gari lisiguswe na maji wiki nzima.

Tulikuwa katikati ya mvua. Lakini mvua ningeweza kuikwepa, kwa fundi kuna banda. Nisichoweza kukikwepa ni Jumapili.

Jumapili hiyo padri alikuwa anakuja kwenye kigango chetu cha Kasokola, na mama alishatoa taarifa kwamba kuna gari la kubarikiwa. Padri wetu ana vigango vingi. Akipita leo, mpaka arudi tena mahindi yanakuwa yamekauka shambani. Na mama hapandi gari la nyumbani ambalo halijamwagiwa maji ya baraka. Si ukaidi. Baba aliwahi kununua pikapu ya kubebea mahindi. Ilikuwa ibarikiwe Jumapili, ila katikati ya wiki akasema anaenda Litapunga mara moja tu, kuchukua magunia. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Pikapu ilirudi imevutwa kwa kamba, na baba alirudi kwenye gari la mtu mwingine, amefunikwa shuka. Mama hajawahi kusema kwamba maji yangemwokoa. Anasema tu hatapanda.

Basi nikawa na hofu mbili zinazovutana. Nikipaka kwanza, maji ya padri yataharibu. Baraka zikitangulia, lazima niendeshe hadi Kasokola na rangi tupu, kwenye ile njia ambayo miiba imeinamia pande zote mbili. Likikwaruzwa, kaka atasema sikuweza kutunza kitu hata siku moja. Nilitafuta njia ya tatu, kama kawaida yangu, nikampigia katekista.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Gari limefika? Watu wameshaanza kupanga nyimbo huku."

"Limefika. Nilikuwa naomba... padri anaweza kubariki ndani tu?"

"Ndani ya kanisa?"

"Ndani ya gari. Viti. Na usukani."

"Ndani tubariki sisi. Na nje tumwachie nani?"

Akacheka, akaniambia nimsalimie kaka yangu, akakata.

Jumamosi asubuhi nililipeleka gari kwa fundi, pale mjini, nikijiambia kwamba nitafikiria njiani. Aliliosha, akalikausha kwa kitambaa laini, akalifuta hadi nikaona uso wangu kwenye mlango, na uso ule ulikuwa wa mtu mgonjwa. Mimi nililizunguka tena.

"Sista, unalizunguka kama unataka kulioa," alisema, akivaa glavu. "Tulia basi."

"Maji yakilipata kesho itakuwaje?"

"Kesho? Kesho litakuwa bado bichi. Kwani unaenda kulibatiza?"

Nilicheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyostahili. Yeye akakitoa kile kichupa kwenye boksi. "Nikikifungua hiki hakuna kurudi, kinaganda. Nifungue?"

Nje mawingu yalikuwa yamekaa chini, ya rangi ya risasi. Nilijiona Kasokola, nimevaa gauni la kanisani, namfuata padri kwa nyuma na taulo, nikifuta kila tone analorusha, waumini wote wakitazama. Kusema kweli nililifikiria jambo hilo kwa dhati. Nilifika hadi kujiuliza nibebe taulo ngapi. Ndipo simu ikaita. Alikuwa mama.

"Nimemwambia yule wa pikipiki asije Jumatatu," alisema. "Nimemwambia mwanangu atanipeleka kliniki."

"Mama, na kama..."

"Kama nini?"

"Hapana. Hakuna kitu."

"Umekula?"

"Nimekula." Sikuwa nimekula.

Nikakata simu. Lisipobarikiwa kesho, Jumatatu mama hatapanda gari, na pikipiki ameshaifukuza. Au atairudia, upande upande, matopeni. Fundi alikuwa ameshashika kifuniko kwa vidole viwili.

"Usifungue," nikasema.

"Sista!"

"Usifungue. Samahani."

"Nyie mnaofikiria sana mtatuua," alisema, akavua glavu moja, kisha ya pili, taratibu, labda akinisubiri nigeuze tena. Sikugeuza. Nilimwandikia kaka kwamba seramiki itasubiri. Akajibu neno moja, "Haya," na haya hiyo niliichambua jioni nzima.

Jumapili niliendesha nikiwa nimeukaribia usukani hadi kifua kinaugusa. Kabla hata ya kuona bati la kanisa nilisikia mwiba ukipita mlangoni, sauti ndefu, nyembamba, kama ukucha kwenye sufuria. Sikusimama kuangalia. Niliogopa nikisimama sitaondoka.

Baada ya misa padri alichovya tawi kwenye ndoo, akalizunguka gari akirusha maji bila ubahili wowote: kioo, paa, milango, matairi, kisha mimi. Matone yalisimama kwenye boneti, jua likatoka, na nikayaona yanavyokauka moja moja na kuacha vijiduara. Mkono ulienda wenyewe kwenye mkoba kutafuta kitambaa.

"Acha," mama alisema. "Yakauke yenyewe."

Akafungua mlango wa mbele, ule wenye mkwaruzo, akauona, akapitisha kidole juu yake. Alipanda kwa kutanguliza nyonga isiyouma. Nikamfunga mkanda. Akashika mpini wa juu ya dirisha kwa mikono yote miwili, kabla hata sijawasha injini, na hapo nikajua kwamba hata yeye, maji au bila maji, alikuwa anaogopa.

Niliwasha. Nikaangalia kioo cha kulia, cha kushoto, cha kati, kisha tena cha kulia.

"Mbona hatuendi?"

"Naangalia vioo, mama."

"Umeshaviangalia. Twende nyumbani."

Nikaachia breki.