Mikaratusi ya Mzee Ashrafu

Sabaha alikuwa akipima kitambaa cha mteja sokoni Tarime, mdogo wake Dullah akaegesha pikipiki mbele ya duka bila kuzima injini.

"Dada, funga. Baba ametutoka."

Mzee alikuwa ameswali adhuhuri, akajinyoosha kwenye mkeka, hakuamka tena. Sabaha alisema innalillahi, akakunja kitambaa vizuri. Neno lililomtoka baada ya hapo lilikuwa moja tu: "Hajapatana na mzee Nyamhanga."

Mzee Ashrafu alikuwa seremala wa milango hadi dhahabu ilipovuta watu kutoka kila pembe. Wachimbaji wadogo walihitaji matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta za shimo zisiwaangukie. Akapanda mikaratusi kando ya kijito kinachopita shambani kwake, pembezoni mwa Turwa. Ikakua haraka, milango akaiacha. Kwa miti hiyo Sabaha alifika kidato cha nne.

Kisha mvua zikaanza kukosea njia. Vuli haikuja, masika yakaja kwa pupa yakaondoka. Kijito kikawa cha kuruka bila kukunja suruali. Serikali ikatoa agizo: tabianchi imebadilika, mikaratusi yote iliyo kwenye vyanzo vya maji iondolewe, ipandwe miti isiyonyonya maji mengi.

Kwenye mkutano wa hadhara mzee alisimama. "Mlikuja hapa na kipaza sauti: pandeni miti, pandeni miti. Nikapanda. Leo mnaniambia niangushe! Kesho mtataka nimeze mbegu?"

Watu wakaangua kicheko.

"Shamba langu, jasho langu," akaongeza.

Nyamhanga, mfugaji wa Kikurya anayekaa upande wa chini wa kijito, hakucheka. "Shamba ni lako, Ashrafu. Na maji uliyapanda wewe? Ng'ombe wangu wanalamba tope. Wewe ni mwizi wa maji."

"Wapeleke Ziwa Viktoria wakaoge!"

Wawili hao walikuwa wakialikana Idi na Krismasi. Tangu siku ile hawakusalimiana.

Afisa misitu, binti aliyemwamkia mzee shikamoo kabla ya kusema lolote, alimpa nafasi: aangushe safu kwa safu, kadiri wachimbaji wanavyotaka matimba, mradi amalize kabla ya mvua zijazo. Mzee alikubali shingo upande. Safu ya kwanza ilipoondoka alisema haoni tofauti. Ya pili ilipoondoka maji yakapanda kidogo, akashinda ukingoni akiyatazama.

"Baba, mfuate mzee Nyamhanga," Sabaha alimwambia.

"Nitakwenda nikimaliza safu ya mwisho. Siombi radhi nusu nusu mimi."

Safu hiyo alikuwa hajaigusa.

Siku iliyofuata kifo chake jeneza liliwekwa uani. Kabla ya kuondoka, baba mdogo Abdallah aliuliza kama ilivyo desturi: nani anamdai marehemu, nani ana jambo naye? Ndani, kati ya wanawake, Sabaha alisogea karibu na dirisha.

"Mimi namdai," ilisikika sauti ya Nyamhanga. "Namdai safu moja ya miti."

"Tutaiangusha, baba," Dullah akajibu.

"Ngoja, sijamaliza. Nilimwita mwizi mbele ya watu. Na yeye ananidai hilo. Sasa nitamlipa wapi? Langu nimelisamehe. Nanyi mnisamehe kwa niaba yake."

"Tumekusamehe," wakajibu Dullah na Abdallah.

Mle ndani Sabaha akalia, kwa mara ya kwanza tangu jana.

Jeneza likainuliwa. Nyamhanga alivua kofia, akaingiza bega pembe ya nyuma, akabeba hadi msikitini, akasubiri nje wakiswali. Makaburini walimlaza mzee kwa ubavu wa kulia, uso kibla, wakapanga mbao, wakafukia kwa zamu. Nyamhanga naye alipewa koleo. Abdallah akasoma dua, wakaitikia amina. Wanaume walirudi kabla ya alasiri, Sabaha akawapa maji ya kunawa. Mwenyezi Mungu amrehemu.