Mama Mkwe Aliyeomba Radhi Kabla ya Kutukana

Sauti ninayoikumbuka mpaka leo ni msonyo. Si hii misonyo yetu ya kupita, ya kumsonya bodaboda aliyekurushia maji machafu. Wake ulianza taratibu kwenye kona ya mdomo, ukarefuka, ukapanda, ukakatika ghafla kama kitambaa kilichochanwa, halafu kimya. Ukishausikia ule kwenye filamu, unajua kuna mkwe anafukuzwa na kibegi chake. Wiki iliyopita nilikuwa saluni kwetu Tandika, nimeshika kichwa cha mteja, nusu kimesukwa na nusu bado, simu yake ikaleta habari: yule mama wa kwenye filamu, mama mkwe wa nchi nzima, amefariki. "Mungu amlaze," mteja akasema, "lakini alikuwa na roho mbaya yule!" Kisha akageuka kunitazama. "Jamani dada, mbona umeacha kusuka?"

Nyie mnaonisoma kila wiki mnajua kwamba ndoto zangu ni nyingi kuliko sahani zangu. Kabla ya saluni na kabla ya safu hii, nilitakaga kuwa nyota wa filamu, na msinicheke, nilifika. Filamu moja, nafasi ya dada wa kazi, sentensi moja: "Karibu chai, mama." Tulirekodi Goba, kwenye nyumba ya kilimani iliyokodiwa kwa siku hiyo, yenye masofa ambayo bado yalikuwa na nailoni zake. Mie nilitakiwa kuleta chai, mama mkwe aisukume ile sinia na kunitukana. Kamera haijawashwa, akanishika mkono. "Mwanangu, sasa hivi nitakutukana wewe na mama yako aliyekuzaa. Naomba radhi. Umenisamehe?" Nikacheka, nikadhani ni utani wa wazee. Mwongozaji akapiga kelele tuanze. Mama kimya. Jenereta linanguruma nje, kamera inakula picha, yeye kimya tu ananiangalia. "Mama, jua linazama, tuanze basi!" mwongozaji akalia. Akamjibu bila hata kugeuka: "Mtoto hajanijibu." Ikabidi niseme, "Nimekusamehe, mama." Hapo ndo ukaja ule msonyo, na matusi yake nyuma, nikalia machozi ya kweli mbele ya watu wazima. Picha ilipokatwa alikuja mbio, akanifuta uso kwa ncha ya khanga yake, akiuliza kama chai imeniunguza.

Hakuniacha hivyohivyo. Akawa anakuja saluni kwangu kupakwa hina, na siku moja akanipa habari ya posa. Mwanawe wa pekee alimpenda binti wa mtaa wa tatu kutoka kwao, hapohapo Temeke. Washenga wakaenda, wakarudi mikono mitupu. "Wanasema hawawezi kumtoa mtoto wao aje ateswe na mie," akaniambia. "Mie, mwanangu! Mie ambaye sijawahi kuwa na mkwe hata mmoja!" Tukacheka mpaka hina ikaharibika. Yeye ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Akatazama vidole vyake, akasema kwamba laiti angepewa tuzo hata moja, ile ya kuitwa jukwaani na kuonyeshwa kwenye runinga, basi wale watu wangejiambia: kumbe mama wa watu alikuwa anaigiza. Tangu siku hiyo nikajua tuzo ile hakuitaka kwa ajili ya kujivuna. Aliitaka imtolee ushahidi.

Mwaka mmoja jina lake likatajwa miongoni mwa waigizaji wasaidizi bora. Nilimpaka hina ya bibi harusi, mpaka kwenye viwiko, akaenda ukumbini, na sie tukakusanyika saluni kumwangalia kwenye runinga. Tuzo ikaenda kwa binti aliyekuwa mkwe wake kwenye filamu ileile. Yule binti alilia vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Lakini aliyelia kapanda jukwaani, na aliyemliza kabaki kwenye kiti anapiga makofi. Kesho yake mama akaja saluni na vitumbua. Akaninyooshea mikono: "Hina yako ilionekana vizuri sana, mwanangu. Nilivyokuwa napiga makofi, kamera ikaja mpaka hapa." Msichana wa posa akaolewa kwingine, kijana akaenda kutafuta maisha Mwanza, na habari ya tuzo hatukuigusa tena.

Msibani ubishi ulianza chini ya turubai, na sie wanawake tuliokuwa tunachagua mchele tukawa tunausikia wote. "Huyu mama kaonewa, hata tuzo moja hakupewa," akasema mzee mmoja aliyeigizaga naye. Kijana anayehariri filamu akambishia: "Kaonewa nini, mzee wangu? Miaka yote khanga ileile, msonyo uleule. Majaji wanataka mtu abadilike." Mzee akamgeukia: "Abadilike saa ngapi, na nyie mlikuwa mkimpigia simu mnataka msonyo tu?" Nikasema moyoni, hapo wote wana lao. Ndipo mama mmoja aliyekaa mkabala nami kwenye mkeka akasema, wala hakupunguza sauti: "Sasa tuzo ya nini? Yule hakuwa akiigiza, ndivyo alivyokuwa." Jirani yangu akanifinya. "Huyo ndo mama wa yule binti, ndo aliyerudisha posa," akaninong'oneza.

Nilitaka kumjibu kwa msonyo. Badala yake nikamsimulia habari ya Goba, jinsi marehemu alivyonishika mkono na kugoma kuigiza mpaka nimsamehe. Mzee wa kwenye turubai akaitikia kutoka kule kwamba hata yeye aliombwaga radhi, kila mara, hata kwa neno dogo. "Kila mara?" yule mama akaniuliza. "Kila mara, mama." Akaendelea kuchagua mchele ule ambao haukuwa na kijiwe tena. Baadaye akasema neno moja tu: "Kumbe." Lile lile neno ambalo marehemu alilisubiri miaka yote, likaja akiwa ndani amevishwa sanda. Jeneza lilipotaka kutoka, kaka yake marehemu akasimama kuomba, kama alimkosea mtu kwa neno au kwa tendo, asamehewe. Watu wakaitika, "Tumemsamehe," na yule mama akaitika nao huku analia. Mie sikuitika nao. Nilikuwa najiuliza, pale nani alipaswa kumwomba radhi nani.

Sijasomea uigizaji, na shule yenyewe sikufika nayo mbali, kwa hiyo mnaojua zaidi mnisahihishe. Mie naona tuzo zote zilimruka kwa sababu moja: alituaminisha. Majaji walimwamini kama wale waliorudisha posa walivyomwamini, wakaona hakuna kazi iliyofanyika pale. Na si kwenye filamu tu. Mwalimu wa nidhamu tunasema ana chuki, nesi anayefokea ndugu waliojaa wodini tunasema hana utu, wala hatujui wakifika nyumbani wanakaa vipi na sura tulizowavisha. Mtu akiifanya kazi yake mpaka tukasahau kwamba ni kazi, tumwambie, tena tumwambie angali anasikia. Neno "kumbe" halina gharama yoyote. Ubaya wake ni kwamba huwa tunalileta msibani.

Asubuhi iliyofuata niliwahi saluni kabla ya wenzangu, nikaitafuta ile filamu kwenye simu. Sehemu ile aliyonisubiri waliikata, onyesho letu linaanza moja kwa moja na msonyo. Nikaisimamisha picha pale mdomo wake ulipoanza kwenda upande. "Nimekusamehe, mama," nikasema, na saluni tupu. "Nawe utusamehe." Nikasubiri kidogo, kama alivyonisubiri mie kule Goba, halafu nikaiachia picha iendelee.