Supa Mara Tatu

Khisa alitoka Bungoma mwaka wa tisini na sita na begi moja na mdomo wa watu sita. Alianza kwa kutengeneza redio kwenye steji ya matatu Kitengela. Kufikia elfu mbili na tatu alikuwa na duka lenye kompyuta kuukuu sita, zimefungwa pamoja kwa waya kama mbuzi wa mnada.

Ile ya mlangoni aliiita Mzee. Mzee aligawia zile tano kazi, na kila dakika akazisalimia Kimaasai: "Supa." Iliyo hai ilijibu, "Epa." Isiyojibu ilihesabiwa maiti, kazi yake ikapewa jirani.

"Moja ikikufa, kazi haikufi," Khisa alijigamba kwa Soila, mama wa maziwa mlangoni.

"Hizo mashine ziko na adabu kukuliko. Wewe hata salamu hujibu."

Mwezi wa saba, Mwalimu Dinah akamletea alama za mtihani wa majaribio za shule kumi na mbili, azijumlishe na kuzichapisha. Walimu wakuu walikuwa wanazijia saa kumi. Saa sita Dinah akasoma karatasi ya kwanza iliyotoka, akavua miwani.

"Khisa, shule hii iko na watoto arobaini na mmoja. Hapa ni themanini na wawili. Hawa wengine umewazaa lini?"

Khisa wa midomo sita akanyakua karatasi, akahesabu upya.

"Saa kumi isipokuwa sawa, kazi naipeleka Nairobi, na hapa sirudi tena."

Khisa akachimba, akapata kosa. Kompyuta namba tatu ilikuwa imemeza vumbi la barabara ya Namanga mpaka ikawa inajibu "Epa" baada ya dakika mbili. Mzee alishaizika, akapea namba tano kazi yake. Kumbe marehemu alimaliza pia, akaleta kwa maringo. Mzee akapokea zote mbili, kila mtoto akahesabiwa mara mbili.

Soila alipoelezwa akacheka mpaka maziwa yakamwagika. "Ng'ombe akichelewa kurudi, unagawa nyama? Unaita tena. Akinyamaza, unauliza boma la jirani kama wamemwona. Na ukishapika mwingine, huyo akirudi hupiki tena!"

Khisa alitaka kumjibu ovyo, lakini akaketi. Akafundisha Mzee kusalimia mara tatu, kisha kutuma mashine jirani ikasalimie, ndipo aomboleze. Kazi ikija mara ya pili, itupwe.

Saa tisa akaanza upya. Robo saa haijaisha, mbuzi wa Soila akatafuna waya wa namba mbili. Soila akatazama pembeni. Supa. Kimya. Supa. Kimya. Supa. Kimya. Jirani naye akasalimia bure. Mzee akapea namba nne ile kazi. Namba tatu ikajikokota nyuma, ikiitika kwa kuchelewa, na hakuna aliyeizika.

Saa kumi kasoro dakika tano, Dinah alihesabu kwa kidole. Arobaini na mmoja. Akageuka ashukuru, akakuta Khisa amelala kifudifudi mezani.

"Khisa, supa." Kimya. "Supa, Khisa!" Kimya.

"Malizia ya tatu, mwalimu," Soila akasema, "kabla sijachukua duka."